Shavu la Shambe

Kwanza nikutoeni shaka, maana nnajua mnavyohadithiana mkikutana: mie vitani sikumpiga mtu risasi. Ile nishani mnayoigombania, yenye kichwa cha mfalme wa Kiingereza, nilipewa kwa kupika. Nilikuwa mpishi wa kikosi huko Burma, nikiwapikia wenzangu wali wa mchanga na nyama ya kopo mpaka vita vikaisha. Anayetaka hadithi ya ushujaa aende kwa jirani.

Nnachotaka kukusimulieni ni kazi yangu ya mwanzo hapa Maskati, na sababu yake ni Raya. Ramadhani hii iliyopita nilimkaripia mjukuu wangu mbele ya wageni, tende ziko mezani, mtoto wa watu hana kosa, akashuka chini analia. Tangu siku ile ananiamkia kwa ncha ya ulimi. Anataka kujua kakosa nini. Na mie, wallahi, siku ile sikujua. Nimekaa nikafikiri, na kila nikifikiri najikuta juu ya paa la ngome, na Mbulushi mmoja akiitwa Shambe. Basi nisikilizeni. Na wewe Raya sogea, usijifanye unaosha vyombo.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mie na bibi yenu Zuwena, baada ya yale mambo ya Unguja. Mambo yale mnayajua, na leo sio siku yake. Tuliambiwa tunarudi kwetu. Kwetu! Aliyeondoka Omani ni babu yangu, mie nimezaliwa Malindi ya Unguja, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuswalia tu. Nilishuka chomboni na kofia yangu ya viua, watu wa forodhani wakanisemesha. Nikawajibu, "Alhamdulillahi." Wakanisemesha tena, kwa ukali kidogo. "Alhamdulillahi." Mwisho wakachoka, wakaniacha nipite. Nikaona kumbe neno lile ni ufunguo, nikalitumia miezi.

Ami yake Zuwena, Ami Khalfani, alikuwa na nyumba ya makuti Sidab, kile kijiji cha wavuvi nyuma ya mji. Vyumba viwili, na watu humo usiulize. Tulipewa pembe moja, tukatundika kanga mbili kuwa ukuta. Na Zuwena, baada ya miaka ya kuomba na kuhangaika, ndo kwanza mimba imeshika. Kila asubuhi ananambia, "Bwana, mie sizai nyuma ya kanga. Nitafutie chumba chenye mlango." Hakutaka zulia, hakutaka kitanda cha besera. Mlango tu. Neno lile lilikuwa linaniuma kuliko njaa, maana mwanamme ukishindwa kumpa mkeo mlango, umempa nini?

Ami Khalfani alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja akanishika mkono, akanipeleka ngomeni kwa akida wa askari, akamwambia, "Huyu kapigana vita vikubwa." Akida akaitazama nishani, akanitazama mie, akasema kitu kirefu. Nikamjibu Alhamdulillahi. Akacheka, akanipiga bega, na kesho yake nikaambiwa nimekuwa msaidizi wa mpiga mzinga.

Msicheke. Mie nilidhani nimeajiriwa jikoni. Nilikwenda na kisu changu na mwiko.

Kazi ilikuwa hivi. Mji wa Maskati wakati ule ulikuwa na ukuta na milango, na usiku mzinga ukilia milango inafungwa. Baada ya hapo ukitembea ndani ya mji lazima uwe na taa mkononi, usipokuwa nayo unakamatwa. Mzinga ulipigwa pia sikukuu, na Ramadhani ulipigwa wakati wa kufuturu. Simu mnazotazama nyie hazikuwepo, na redio mwenye nayo alikuwa mmoja mmoja. Watu walikaa na tende mkononi wakisubiri ngome iseme. Ukipiga mapema, saumu ya mji mzima iko shingoni mwako. Ukichelewa, mji mzima unakulaani na njaa yake.

Mpiga mzinga mwenyewe alikuwa Shambe. Mbulushi mrefu, ndevu zimeungua upande mmoja, masikio yote mawili yameliwa na mzinga. Hasikii hata umpigie debe. Sasa fikirini: mwalimu hasikii, mwanafunzi hajui lugha. Tulifundishana kwa kusukumana. Akitaka nisogee ananisukuma. Akitaka nikae ananikandamiza. Siku ya kwanza nilirudi Sidab mwili wote unauma, Zuwena akadhani nimepigana.

Lakini alikuwa fundi, na ufundi wake nnao mpaka leo. Kabla ya kutia baruti lazima upitishe mti wenye ngozi ya kondoo iliyolowa maji, mpaka mwisho wa tumbo la mzinga, kwa sababu cheche moja ikibaki ndani, baruti itakurudia mkononi. Ukishatia baruti unashindilia matambara, taratibu, usitwange kama unatwanga kisamvu. Usisimame nyuma ya mzinga, unaruka kurudi. Ukipiga, fungua mdomo wazi, masikio yatakushukuru. Na utambi, ile kamba inayokaa na moto kwenye chetezo cha makaa, ukiutoa uufunike kwa kiwiliwili chako upande wa kushoto, kwa sababu tukisimama kutazama mashariki, upepo wa bahari unatujia kushoto na unauzima. Hilo la upepo nililiona mwenyewe: alasiri utambi unazimika mara tatu, mara nne, nnauwasha tena huku nnatukana kimoyomoyo. Lakini wakati wenyewe wa kupiga ukifika, hauzimiki hata siku moja. Mie nikaona ni baraka za mwezi wa Ramadhani, nikamshukuru Mungu.

Mzinga wa kwanza kulia mbele yangu, nilijikuta nimelala kifudifudi, mikono kichwani, mdomo umejaa vumbi. Askari walicheka mpaka wakakaa chini. Shujaa wa Burma! Wao hawakujua kuwa huko Burma lilianguka kombora kwenye jiko langu nilipokwenda kuteka maji, na niliporudi sikukuta jiko wala sikumkuta Mganda mmoja aliyekuwa akinimenyea vitunguu. Tangu hapo kishindo chochote, hata mlango ukibamizwa na upepo, magoti yangu yanakwenda yenyewe. Niliona haya, nikataka kushuka niende zangu.

Shambe hakucheka. Alinishika ukosi akaninyanyua, akaniziba masikio kwa pamba, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya chuma cha mzinga, kingali cha moto. Akanionesha chini mjini. Ilikuwa jioni ya sikukuu, na kule chini watoto walikuwa wanaruka na kupiga makofi kwa sababu ya kishindo kile kile kilichonilaza mie. Nikasimama pale, sijui nicheke au nilie. Burma mzinga ukilia hakuna anayekula. Hapa ukilia watu wanakula. Kwa mpishi hilo ni jambo kubwa, na ndilo lililonibakisha.

Sasa njooni kwenye wakati, hapo ndo nilipochanganyikiwa kabisa.

Nilitoka Unguja na saa yangu ya mkononi, sikuigusa. Kwetu jua halina mambo mengi: mwaka mzima linazama karibu saa ile ile, na linazama baharini mbele ya macho yako, unaliona likiingia majini, unakwenda kuswali. Tulipofika Maskati wakati wa joto, saa yangu ilikwenda karibu sawa na magharibi yao, nikasema nchi hii ina akili. Baridi ikaingia. Siku zikaanza kukatika. Nnatazama saa inasema kumi na nusu, watu wanaadhini magharibi! Nikamwambia Ami Khalfani, "Ami, muadhini wenu kachanganyikiwa." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hapa jua likizama ndo saa kumi na mbili. Kila siku. Saa ndo inalifuata jua, jua halimfuati fundi saa." Kila jioni nikawa nnairekebisha ile saa, mpaka ikavunjika.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza tuko juu ya paa, mie uso nimeuelekeza kwenye milima, kwa sababu magharibi ndo iko huko. Jua likashuka nyuma ya majabali, likapotea, kivuli kikafunika mji. Nikashika utambi, nikausogeza. Shambe akanipiga kofi la mkono, utambi ukaruka. Nikapiga kelele, "Limezama, wewe!" Hasikii. Nikamuonesha milima: tazama, hamna jua. Akanishika taya, vidole vigumu vile, akakigeuza kichwa changu mpaka shingo ikalia. Baharini, mbali, palikuwa na jiwe kubwa limetoka majini, na kichwa chake kingali na jua. La dhahabu kabisa. Jua lilikuwa halijazama, lilikuwa limefichwa na mlima tu.

Akakigeuza tena kichwa, mashariki moja kwa moja, pale bahari na mbingu zinapokutana. Akanishikilia hivyo hivyo, taya mkononi mwake, nikitazama nisijue nnatazama nini. Ndipo nikaona. Ukatoka weusi. Si weusi wa wingu, ni kama rangi ya zambarau, unapanda kutoka baharini pole pole. Ulipofika kimo cha ngumi ukiinyoosha mbele ya macho, akaniachia taya, akapiga. Mji mzima ukasema bismillahi.

Basi mkiwa nchi ya milima, vijana, msitafute magharibi kwa kutazama magharibi. Lipeni jua mgongo. Tazameni usiku unatokea wapi. Mie hilo lilinisumbua roho pia, nikwambieni kweli, maana kila jioni nilikuwa nikitazama upande lilikokwenda jua na moyo wangu unakwenda nalo, na huyu mtu ananigeuza taya.

Siku chache baadaye nikagundua jambo. Ngomeni palikuwa na mbuzi dume wa akida, mkubwa, mweupe. Asubuhi moja Shambe alipita mbele yake, akasimama, akaweka mkono kifuani akamtolea salamu. Salamu kamili, na rehema na baraka. Akasubiri kujibiwa. Mbuzi akamtazama. Mie nilicheka nikajiziba mdomo, halafu kicheko kikanikauka. Nikaanza kumchunguza. Akimimina kahawa anatia kidole ndani ya kikombe ajue imejaa. Tundu la kuwashia mzinga analitafuta kwa kidole gumba. Macho yake yalikuwa na utando, kama maji ya mchele.

Nikafahamu: Shambe haoni. Ule weusi wa mashariki alionionesha, aliujua kwa zamani zake.

Nifanyeje? Alikuwa hana mke, hana mtoto, kijiji chao kiko ng'ambo ya bahari. Alichonacho ni chumba kimoja cha mawe chini ya ngome, chumba cha mpiga mzinga, chenye mlango wa mbao wa misumari. Wakijua haoni, watamtoa. Basi nikaanza kufanya hivi: nnasimama nyuma yake, natazama mashariki, weusi ukifika kimo nnamgonga bega. Naye anapiga. Hakuwahi kusema kitu. Alikuwa ananguruma tu kidogo, mie nikadhani ndo shukrani yake. Nilijiona mtu mwema sana, nikawa natembea kifua mbele. Macho ya Shambe, ndo mie!

Lakini akida hakuwa mjinga. Aliona baruti imemwagika ngazini, aliona Shambe kajigonga kizingiti. Akaniita peke yangu. Wakati huo Kiarabu nilikuwa nnakisikia vizuri, ila watu hawakujua, na mie sikuwaharakisha. Akasema, "Mzinjibari, nataka neno moja. Shambe anaona au haoni? Kama haoni, kazi ni yako, na chumba chake ni chako. Nimesikia mkeo yuko karibu kujifungua."

Chumba chenye mlango! Nilimuona Zuwena na tumbo lake, anapita katikati ya watoto wa watu waliolala, anatafuta pa kuweka mguu. Neno moja tu. Tena neno la kweli, sio uwongo.

Nikamjibu, "Alhamdulillahi."

Akanisogelea. "Hufahamu nnachosema?"

"Alhamdulillahi, akida."

"Haya," akasema. "Kesho nitapanda mwenyewe. Na wewe utasimama ukutani, mbali naye. Nataka nimuone peke yake."

Nilirudi Sidab. Nikamueleza Zuwena kila kitu, sikuficha, nikasubiri anitukane. Bibi yenu alikuwa na ulimi wakati ule, nyie mmemkuta keshapoa. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Halafu akasema, "Hivyo kesho wakimtoa, mie nitazaa juu ya mkeka wake?"

"Mlango uliutaka wewe."

"Niliutaka mlango, sikumtaka mtu atolewe nje yake. Sisi tumetolewa, Hemedi. Unajua ladha yake." Akalia, na mie nikalia, huku nyuma ya kanga Ami Khalfani anakohoa ili tujue anasikia. Halafu Zuwena akafungua kifurushi chake cha uzazi, akatoa ubani aliouweka kumfukizia mtoto, akanipa nusu. "Haoni, hasikii," akasema, "lakini pua anayo, au nayo mzinga umeila?"

Mwanamke ana akili yule. Siku ya pili, kabla akida hajapanda, nikamshika Shambe mkono, nikaweka punje ya ubani kiganjani mwake, nikaipeleka puani kwake. Nikaupeleka mkono wake kwenye chetezo. Nikaushika mkono wake nikaufanyisha ishara ya kupiga. Ukinusa, piga. Nikarudia mara mbili. Akabaki kaniinamia, uso mgumu, hakunijibu. Mie nikachukua ukimya wake kuwa kakubali.

Siku hiyo kulikuwa na mawingu mazito, mashariki hakuonekani vizuri hata kwa mwenye macho. Upepo wa bahari unavuma. Akida kapanda na saa yake na askari wawili, mie kanisimamisha ukutani. Chetezo nilikuwa nimeshakiweka upande wa kushoto wa Shambe, upepo unakotoka, ili moshi umpige usoni. Hesabu zangu zote nilizifanya kipishi. Chini mji umenyamaza, unasikia mtoto analia nyumba ya mbali.

Mlima ulikwisha kulimeza jua zamani. Askari mmoja akanong'ona, "Imefika." Akida akatazama saa yake. Shambe kasimama, kono moja juu ya mzinga, jengine lina utambi, uso kauelekeza baharini. Mie natafuta weusi wangu ndani ya mawingu, siuoni, nauona, siuoni. Nikasema moyoni, ya Rabbi, usinifedheheshe mbele ya mji huu ambao hata sijaujua. Nilipoona sasa ndio, nikajitia kukohoa, nikapita karibu ya chetezo, nikaangusha ubani.

Moshi ukapanda wima.

Ulikwenda juu moja kwa moja, mnene, mweupe, haukuinama hata kidogo upande wa Shambe. Haukumfikia! Nikataka kukimbia nimguse, nikaona jicho la akida liko kwangu. Tumekwisha, nikasema, na Zuwena kalia bure.

Na hapo hapo mzinga ukalia.

Nilianguka kifudifudi, tabia haina dawa. Nilipoinuka nikasikia muadhini wa msikiti wa chini anaanza, sauti yake imefuatana na mwangwi wa mzinga, sawa sawa, wala si mapema wala si baadaye. Akida akatia saa mfukoni, akala tende, akampa Shambe tende, akashuka ngazi. Nikamshukuru Mungu. Nikajua kwa vyovyote harufu kidogo imemfikia, pua ya Mbulushi si mchezo. Nikamfuata Shambe nimkumbatie.

Alinisukuma kifuani nikarudi nyuma. Akakipiga teke chetezo, makaa yakatapakaa juu ya paa. Akasema kwa Kiarabu, kwa ile sauti ya kiziwi isiyojua ukubwa wake, ngome nzima ikasikia: "Umenifanya kipofu?"

Nikasema moyoni, Nimekuokoa, bwana! Akajigusa shavu la kushoto, kwa vidole viwili, akanitazama na macho yale yasiyoona. Akajigusa tena. Shavu, shavu. Nikafikiri, anasema nimemzaba kofi. Basi nikasogea, nikainama, nikamtegea shavu langu na mie anizabe, tulipane yaishe. Akalishika kwa kiganja, akaona ni shavu, akatikisa kichwa kama mtu aliyechoka na mpumbavu, akashuka zake.

Hakunisemesha mpaka Idi. Na siku ya Idi, mie nikiwa Sidab na kanzu yangu ya viraka, namuona mtu mrefu anakuja anapapasa njia kwa fimbo, Ami Khalfani kamshika mkono. Shambe. Kajitwika mkeka wake begani. Akaninyooshea funguo. Akachora tumbo la mja mzito hewani, akachora mlango, fungua, funga, fungua, funga, mpaka Zuwena akacheka na machozi. Yeye mkeka wake akenda kuutandika ukumbi wa juu, karibu na mzinga. Mama yake Raya kazaliwa chumba kile, nyuma ya mlango wa misumari, na kafukiziwa ile nusu ya ubani iliyobaki. Tukakaa humo na Shambe akawa anakula kwetu. Sasa niambieni, mtu kanikasirikia na kanipa chumba chake. Nifahamu lipi? Sikufahamu lolote.

Sikumgusa bega tena, hakukubali. Alipiga peke yake Ramadhani zote zilizofuata, na hakukosea hata mara moja. Nikimtikisa mkono kumuuliza, umejuaje? anajigusa shavu. Ukaidi wa Kibulushi, nikasema. Akafa kitandani, tumemuosha sisi, na mie nikawa mpiga mzinga mwenyewe, nikipiga kwa macho yangu, mgongo nimelipa jua. Haukupita muda, mwaka wa sabini mambo ya nchi yakageuka, milango ya mji ikaachwa wazi usiku, watu wakatembea bila taa. Mie nikarudi jikoni nilikotoka, nikapika mpaka nikastaafu, na lile jina la Burma walilonibandika askari likanibakia.

Sasa Raya. Nyumba hii ya Khuwair iko mbali na mji wa zamani, upande wa magharibi, lakini bahari ni ile ile. Mnajua macho yangu yamekuwa vipi. Mnanishika mkono ngazini, mnanikatia nyama, na mie nanguruma kidogo mnadhani ni shukrani. Siku ile ya futari tulikaa juu ya paa, mie uso mashariki kwa mazoea, wageni wanazungumza, simu zenu ziko mezani. Upepo wa bahari ulikuwa unanipiga shavu la kushoto tangu alasiri. Mara ukakata. Ulikata kabisa, na shavu likabaki na ubaridi mdogo, na mie bila ya kufikiri nikainua tende. Imefika. Nilijua kuliko nnavyojua jina langu.

Na hapo ndipo ulipokuja wewe kwa nyuma, mwanangu, ukanigonga bega ukasema, "Babu, tayari, unaweza kula."

Nikakwambia maneno yale mbele ya watu. "Umenifanya kipofu?" Sauti ikanitoka kubwa, na mkono wangu uko shavuni. Ukalia, ukashuka. Mie nikabaki nimeshika shavu langu na tende sijaila, sijui nani kasema, mie au Shambe.

Moshi ule wa ubani ulipanda wima kwa sababu upepo ulikuwa umekata, kama unavyokata kila jua likizama. Hata hakuunusa. Utambi wangu ulikuwa hauzimiki kwa sababu hiyo hiyo, na mie nnashukuru baraka za mwezi. Yule mtu alinionesha miaka mbele ya uso wangu, na mie nikamtegea anizabe kofi.

Hukukosa kitu, Raya. Umefanya nilivyofanya mie, na kwa wema ule ule. Nisamehe. Ramadhani ijayo, Mungu akitujaalia, panda tena ukae nami, usinambie kitu, nikiinua tende na wewe inua yako. Ila kaa kulia kwangu. Kushoto utanizibia upepo.